Nyumba Ikue Pamoja na Jamaa

Kila mtoto anayezaliwa huongeza furaha nyumbani, lakini haongezi chumba. Jambo hili ni wazi kwa kila mzazi, na hata hivyo wengi wetu hulikumbuka siku ile tu mikeka inapokosa mahali pa kutandikwa. Ndipo fundi anapoitwa kwa haraka, mshahara wa mwezi unakwisha kwa mifuko michache ya saruji, ukuta unasimamishwa popote penye nafasi, na mvua za Desemba zinaukuta hauna paa. Katika mitaa mingi ya Songea kuta za namna hiyo zaonekana, zimeota nyasi juu na kumomonyoka chini. Hizo si kuta tu. Ni jasho la wafanyakazi lililoachwa nje likinyeshewa.

Watu wa mkoa wetu wa Ruvuma walikuwa chini kidogo ya milioni 1.4 katika sensa ya mwaka 2012; sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 1.8. Watu hawa hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa na nyumba zao. Wengi wao wamezaliwa katika nyumba zilizokwisha jengwa, nyumba za vyumba viwili au vitatu, ambazo baba na mama walizijenga walipokuwa na mtoto mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kubanana si dhambi, na kwamba wazee wetu walilala wengi katika nyumba moja. Twakubali. Lakini kifua kikuu huenea kwa hewa, na hupata nafasi nzuri zaidi katika chumba kilichojaa watu na kisichopitisha upepo. Tena mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kusoma usiku pale ambapo wadogo zake wanne wamelala na taa yapasa kuzimwa. Na wavulana na wasichana wakishapevuka, heshima ya nyumba yadai walale mbalimbali. Kwa hiyo chumba cha ziada si anasa wala majivuno. Ni sehemu ya malezi, kama chakula na ada ya shule.

Fedha nayo ndiyo hiyo ijulikanayo. Zamani mfanyakazi aliweza kuitazamia Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1973, lakini benki hiyo ilifungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba inayotolewa na mabenki ya leo huwataka watu wenye hati na kipato ambacho wengi wetu hatuna. Mwenye mshahara mdogo, au mwenye gunia za mahindi tu, hana budi kujenga kwa vipande. Nasi twasema hakuna aibu katika kujenga kwa vipande. Aibu iko katika kujenga vipande visivyojuana.

Kanuni tunayoitoa hapa ni moja, na mengine yote yatoka katika hiyo: panga nyumba nzima, jenga sehemu tu, na kila sehemu utakayoimaliza iweze kuvumilia masika bila ya kuingojea ile inayofuata.

Kazi ya kwanza basi ni ya karatasi. Mume na mke wakae pamoja, na watoto wakubwa wasikilizwe, wachore nyumba kama watakavyoitaka baada ya miaka kumi. Mama ndiye ajuaye moshi wa jiko huelekea wapi, na maji ya mvua hukusanyika upande gani wa ua; asiitwe mezani baada ya msingi kuchimbwa. Karatasi hiyo ionyeshe mipaka ya kiwanja, choo, shimo la taka na njia ya maji. Kisha ipelekwe kwa ofisi ya serikali ya mtaa na Halmashauri ya Manispaa, kwa maana kibali cha ujenzi chahitajika hata kwa nyongeza ya chumba kimoja. Wako wanaokiona kibali kuwa usumbufu. Lakini usumbufu wa kuandika barua ni mdogo kuliko ule wa kubomolewa ukuta uliosimama katika hifadhi ya barabara.

Swali la pili ni upande gani wa kuongeza. Wengi huchagua nyuma ya nyumba, wakateremsha bati la zamani liendelee mpaka kufunika chumba kipya. Yaonekana kuwa rahisi, lakini tufanye hesabu. Ikiwa bati la zamani laishia mita 2.6 kutoka chini, na paa lashuka mita 1 kwa kila mita 5, basi chumba cha upana wa mita 3 kitashusha paa kwa sentimeta 60 zaidi. Ukuta wa nje utakuwa na kimo cha mita 2 tu. Mtu mrefu atainama karibu na dirisha, na joto la bati litamkaa kichwani. Vyumba vya nyuma vya nyumba ya zamani navyo vitakuwa vimezibiwa madirisha yao.

Mahali pafaapo zaidi, kama kiwanja kinaruhusu, ni ubavuni, kwenye kichwa cha nyumba ambapo paa lina umbo la pembetatu. Huko paa huendelezwa kwa kimo kile kile. Nyumba yenye kina cha mita 7 yaweza kupata vyumba viwili vya mita 3 kwa 3.5 upande huo: kimoja mwaka huu chini ya mteremko mmoja wa paa, na cha pili baada ya miaka miwili au mitatu chini ya mteremko wa pili. Ukuta wa kati, uliokuwa wa nje kwa chumba cha kwanza, utakuwa wa ndani siku ile cha pili kitakapokamilika. Hakuna kitakachobomolewa.

Na mlango? Ikiwa sebule iko pembeni na ina dirisha kwenye ukuta wa kichwa, dirisha hilo ligeuzwe kuwa mlango. Juu yake tayari pana rinta inayobeba ukuta. Fundi atakata matofali yaliyo chini ya dirisha tu, na sebule itabaki na dirisha lake la upande mwingine. Lakini asikate hata tofali moja kabla chumba kipya hakijapauliwa, ili jamaa wasilale wazi kwa upepo na wezi.

Sasa tuhesabu matofali, kwa kuwa mtu asiyehesabu hununua mara mbili. Kuta mpya ni tatu: mita 3, mita 3.5 na mita 3, jumla mita 9.5. Kwa kimo cha mita 2.7 eneo lake ni mita za mraba 25.65. Toa madirisha mawili ya mita 1.2 kwa 1.2, moja katika ukuta wa upande na moja katika ukuta wa mwisho ili upepo upite. Yabaki mita za mraba 22.77. Ikiwa paa lapanda mita 1 kutoka ukuta wa nje mpaka kileleni, ongeza mita za mraba 3 kwa ukuta wa kati na 1.75 kwa pembetatu ya mwisho. Jumla ni 27.52. Pima tofali lako pamoja na udongo wa kuungia: tuseme likilazwa kwa urefu lachukua sentimeta 24 kwa 12. Basi mita moja ya mraba yahitaji matofali 35, na kuta zote yapata 960. Ongeza moja katika kila kumi kwa yatakayovunjika, nawe wahitaji matofali 1,060, mbali na msingi. Matofali ya mafundi wetu hayalingani. Kwa hiyo kila mtu apime lake, lakini njia ya hesabu ni hiyo hiyo.

Panapoungana ukuta mpya na wa zamani ndipo penye ugomvi. Ukuta wa zamani umekwisha tulia juu ya ardhi yake. Ule mpya bado utashuka kidogo. Fundi akipaka udongo tu katikati yao, ufa utatokea kabla ya mwaka kwisha. Ama aukate ukuta wa zamani meno, kozi moja baada ya nyingine, matofali mapya yaingie ndani yake. Ama, ikiwa ardhi ni laini, auache mwanya ulionyooka kati ya kuta mbili na kuufunika vizuri. Msingi mpya ufike kina cha ule wa zamani, lakini usichimbwe chini yake, usije ukaiondolea nyumba miguu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba afadhali zaidi ufa usizaliwe.

Majira yetu nayo yatupangia kazi. Mvua za Songea huanza mwishoni mwa mwaka, Novemba au Desemba, na huendelea mpaka Aprili. Tangu Mei mpaka Oktoba ni kiangazi, na katikati ya kiangazi ndipo mahindi yanapouzwa na fedha kuonekana. Mwaka wa kwanza uwe wa kukusanya: mawe, mchanga, matofali yaliyopangwa na kufunikwa, mbao zilizoanikwa kivulini. Saruji isiwekwe akiba kwa muda mrefu, maana huganda. Nayo hutufikia kwa safari ya mamia ya kilomita, hivyo kila mfuko unaoharibika umelipiwa pia nauli. Mwaka wa pili, msingi, kuta na paa vifanywe katika kiangazi kimoja. Msingi uliojazwa na kushindiliwa waweza kungoja masika. Ukuta wa matofali yaliyoungwa kwa udongo hauwezi. Lipu, sakafu na dari vyaweza kungoja mwaka wa tatu, kwa sababu watoto waweza kulala chini ya paa zima katika chumba kisichopigwa lipu.

Kwa hiyo, kama hapana budi kukopa katika chama cha kuweka na kukopa, twashauri mkopo uwe wa paa. Mawe na matofali hupatikana haba na haba, lakini paa halifanywi nusu. Na mwenye kutaka kuweka nyumba rehani akumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Sheria hiyo imekuja kulinda, na hata isingalikuwapo, si haki mtu mmoja kuweka rehani mahali wanapolala wengi.

Lipo na jambo la kuni. Matofali ya kuchoma ni mazuri, na majengo ya Peramiho, walikofika wamisionari Wabenediktini mwaka 1898 na ambako vijana wengi wa nchi hii wamefundishwa uashi na useremala, ni ushahidi wa kutosha. Lakini kila tanuri hula miti, na vilima vya Matogoro ndipo mto Ruvuma unapoanzia. Majirani watano wakichoma tanuri moja kubwa, kuni hutumika vizuri kuliko wakichoma matanuri matano madogo. Tena yako matofali ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine na kufungamana yenyewe, bila ya moto. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza kwa miaka mingi. Mashine moja yaweza kuwa mali ya kikundi.

Jambo la kikundi si geni Songea. Mwaka 1960 vijana wa chama cha TANU walianzisha kijiji cha Litowa, wakalima na kujenga kwa mikono yao wenyewe, na Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilichotokana na jitihada hizo kikaunganisha vijiji kadhaa. Miongoni mwa waliokaa nao alikuwa Mwingereza, Ralph Ibbott, ambaye taaluma yake ilikuwa kukadiria gharama za majengo. Chama hicho kilivunjwa kwa amri ya TANU mwaka 1969, na sababu zake zina mjadala wake. Lakini mkono wa wengi pamoja na hesabu iliyoandikwa, hayo mawili hayakuvunjwa na amri yoyote. Wafanyakazi watano wa mtaa mmoja wanaweza leo kupeana zamu: kiangazi hiki chumba cha huyu, kiangazi kijacho cha yule.

Twajua kwamba yote haya yadai subira, na kwamba mtoto anayekua hasubiri. Ndiyo maana twahimiza kazi ianze mapema, kabla ya mikeka kugusana. Karatasi na penseli hazingoji mshahara. Ndugu msomaji mwenye watoto wadogo, kaa na mwenzako jioni moja wiki hii, pimeni ubavu wa nyumba yenu kwa kamba, mwandike hesabu ya matofali. Kisha nunueni mia ya kwanza.