Ukiwa Kakonko, shahada inakugharimu nini?

Mwalimu wa Kakonko, mkoani Kigoma, mwenye stashahada anayetaka shahada ana njia tatu: aombe ruhusa ya masomo akakae chuoni, tuseme Dodoma, ajiunge na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, au asome chuo cha nje kwa intaneti.

Ya kwanza, kwa mwenye familia, ndiyo ghali kuliko zote. Juu ya ada kuna chumba, chakula, na shamba linalobaki bila mwenyewe miaka mitatu.

Ya nje inavutia. University of the People ya Marekani, iliyoanzishwa 2009, haitozi ada ya kufundishwa, ila unalipia maombi na kila kozi, tena kwa dola. Halafu shahada ya nje inapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Waulize TCU kabla hujalipa hata senti.

Mimi ningechagua Huria. Kiliundwa kwa sheria ya 1992 na kina vituo mikoani. Cha kwetu kipo Kigoma mjini. Ada hulipwa kwa yuniti, na hapo ndipo mkulima-mwalimu anapopumua: ukiuza maharage vizuri unasajili yuniti nyingi, msimu ukiwa mbaya unasajili chache.

Ila wengi hudhani Huria hupokea yeyote. Open University ya Uingereza, iliyoanzishwa 1969, haidai vyeti kwa kozi zake nyingi za shahada ya kwanza. Lakini Huria yetu inafuata vigezo vya TCU. Asiyevifikia hupitia kozi ya Foundation, nayo ina ada na vigezo vyake, kwa hiyo weka kwenye hesabu muda na fedha za ziada.

Gharama inayowaumiza watu ni ya mitihani. Unapanda basi Kakonko, unapita Kibondo na Kasulu hadi kituoni Kigoma, unalala gesti, unakula hotelini. Lami imefupisha safari, lakini nauli iko palepale. Itazame ratiba mapema: masomo yako yakiachana siku nne, siku hizo zote unazilipia chumba. Yuniti nne kwa safari moja ni nafuu kuliko mbili mbili kwa safari mbili, kwa hiyo siku unayolipia yuniti, tenga na nauli yake. Na kama kuna mwenzako shuleni anayesoma shahada hiyohiyo, sajilini yuniti zilezile; mtagawana chumba, vitabu na bando.