Fundi Akianguka, Msimkalishe kwenye Bodaboda

Mtu akianguka kutoka mita 3, kimo cha ukuta wa nyumba ya kawaida, hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Kwa mita 6 ni kilomita 39. Milima ya Nyamira huongeza kimo hicho kimyakimya: nyumba ya mtelemkoni huonekana fupi upande wa barabara, kumbe upande wa bondeni ni ghorofa nzima. Mabati yakilowa umande au mvua ya alasiri, mguu hauna pa kushika.

Anayetua kwa miguu huweza kuvunjika kisigino, na nguvu ileile ikapanda hadi mgongoni, pale mbavu zinapoishia. Ndiyo maana kisigino kilichovunjika ni sababu ya kupimwa mgongo, hata fundi akishikilia kwamba yuko sawa.

Pingili ya mgongo ikivunjika, si lazima mtu apooze. Linalonisikitisha ni yanayofuata. Wenzake, kwa huruma na haraka, humbeba kwa makwapa na magoti, wakamkunja na kumkalisha kati ya watu wawili kwenye bodaboda. Kipande cha mfupa kikisogea, huweza kuharibu mshipa mkuu wa fahamu uliokuwa bado mzima.

Anayevuja damu abanwe jeraha kwa kitambaa safi. Kama hapo alipo hakuna hatari, asisogezwe kabla machela haijawa tayari. Mmoja apige magoti upande wa kichwa, akishikilie kwa mikono miwili. Mwingine amuulize kama anahisi vidole vya miguu. Ubao wa kumwagia zege, au mlango, unatosha kuwa machela. Watatu wamgeuze ubavu kwa hesabu moja, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja, ubao uingie chini, arudishwe chali. Pikapu anamoweza kulala ni afadhali kuliko kiti cha Probox.

Kisha kuna haki yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 kuhusu fidia ya majeraha kazini humtaka mwajiri aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7, na dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Kwa hiyo pigeni picha ya jukwaa na ngazi, andikeni majina ya walioshuhudia, siku hiyohiyo, kabla mjengo haujaendelea.