Uraia wa Kuzaliwa na Mtazamo wa Jamii kwa Watoto wa Wahamiaji wa Kichina Nchini Marekani

Makala haya yanafafanua uhusiano kati ya uraia wa kuzaliwa na mtazamo wa jamii kwa watoto wa wahamiaji wa Kichina nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Hoja kuu ni kwamba sheria iliwatambua watoto hao kuwa raia, lakini mzigo wa kuuthibitisha uraia huo uliwaelemea wao wenyewe.

Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1868, yalitamka kuwa kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia. Kwa upande mwingine, sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini na kuzikataza mahakama kuwapa Wachina uraia wa kuandikishwa. Hivyo basi, mzazi alibaki mgeni daima, ilhali mwanawe alikuwa na dai la uraia.

Mgongano huo ulidhihirika katika elimu. Mwaka 1884, Mamie Tape, mzaliwa wa San Francisco, alikataliwa katika shule ya umma. Mahakama ilimpa haki mwaka 1885, lakini bunge la California likaruhusu shule za kuwatenga watoto wa Kichina. Alishinda kesi bila kuingia shule aliyoidai.

Suala la uraia wenyewe liliamuliwa kupitia Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na kuzuiwa kuingia nchini aliporejea kutoka China mwaka 1895. Tarehe 28 Machi 1898, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji sita dhidi ya wawili, kwamba alikuwa raia. Jaji Horace Gray alibainisha kuwa uamuzi kinyume cha huo ungewavua uraia maelfu ya watoto wa wahamiaji wa Ulaya. Kauli hiyo inaonesha kwamba uraia wa watoto wa Wazungu haukuwa ukitiliwa shaka.

Hata baada ya hukumu hiyo, raia wenye asili ya Kichina waliorejea kutoka safarini waliendelea kuhojiwa na kudaiwa mashahidi wa kuzaliwa kwao. Sheria ya mwaka 1882 ilifutwa mwaka 1943 tu.

Kwa muhtasari, hukumu ya 1898 haikuondoa chuki, bali iliwapa waliobaguliwa msingi wa kudai haki. Kwa hiyo, utafiti wa uraia hauna budi kuchunguza pia ni nani anayelazimishwa kuuthibitisha.