Bonga Kihispania Kama Msee wa Madrid

Kama umeanza kusoma Kihispania, iwe ni juu ya La Liga ama ni kuskia tu lugha imekubamba, nakuambia hivi: vitenzi utazishika polepole, lakini misemo anza nazo leo. Zinakuonyesha hawa watu wamepitia nini, wanadishi nini na waliogopa nini.

Cheki *vale un Potosí*. Beste yako akikusaidia hadi ukose maneno, unasema hivyo juu yake. Mwingereza angesema *worth his weight in gold*. Sasa hiyo Potosí ni mji kabisa, uko Bolivia, juu ya mita 4,000. Madini ya fedha yalipatikana kwa mlima wake 1545, na Uhispania ikaomoka vibaya sana. Kufika 1615, kwa sehemu ya pili ya riwaya yake Don Quijote, mwandishi Cervantes tayari anataja hiyo migodi kama kipimo ya utajiri. Walioichimba walikuwa wenyeji wa Andes, wakitolewa vijijini kwa lazima, kwa zamu, na wengi walikufa huko ndani. Mimi huo msemo hunishika roho. Ni sifa tamu, lakini kuna watu walilipia kila herufi yake.

Kuna za uwanja wa fahali pia, na hapa ndio Kingereza hupungukiwa. *Echar un capote* ni kurusha ile kitambaa kubwa ya mpiganaji. Mwenzako akilemewa, unairusha ili fahali aachane na yeye akuje kwako. Kingereza ni *lend a hand*, lakini hata kubeba sanduku la jirani ni hivyo. Msee wa capote amejiweka mbele ya pembe. Ukikaa nyuma ya ukuta wa mbao ukiangalia wengine wakiumia, hiyo ni *ver los toros desde la barrera*. Kila mbogi iko na huyo mtu.

Za mlo na za mwili ni rahisi kushika. Kitu rahisi kwao ni *pan comido*, mkate ushaliwa. Mwingereza anakula keki, *piece of cake*. Bei ikiwa noma, Mwingereza anatoa mkono na mguu, Mhispania anatoa jicho moja la uso, *un ojo de la cara*. Ukichoma picha mbele ya watu, *has metido la pata*, umeingiza mguu wa mnyama pahali hautakikani. Kingereza ni *put your foot in it*. Manzi akikuambia mkutane tao alafu asitokee, *te ha dejado plantado*, amekuacha umepandwa hapo kama mti. Waingereza huita hiyo *stand you up*. Sisi tunajua ni kuachwa kwa mataa.

Alafu iko *dar gato por liebre*, kumuuzia mtu paka akidhani ni sungura wa porini. Hoteli za kitambo za Uhispania zilikuwa na hilo jina mbaya, msafiri hajui kwa sahani kuna nini. Kingereza iko na jirani yake, *a pig in a poke*, ile ya kununua nguruwe ndani ya gunia bila kuchungulia. Mkenya hahitaji kuelezewa sana. 2018 huko Nakuru jamaa alinaswa akichinja paka, akasema nyama ilikuwa inaenda kwa wenye kuuza samosa, na akafungwa.

Kitu moja ya kuchunga kabla uanze kubonga ovyo. Madrid watakuambia *coger el toro por los cuernos*, mshike fahali pembe, sawa na *take the bull by the horns*. Ukifika Mexico ama Argentina, hiyo *coger* ni neno la kitandani, na hutaki kulitoa mbele ya mathe ya mtu. Huko sema *agarrar*.