Roki, Makasia na Haki ya Sikio la Jirani

Kipendacho roho hula nyama mbichi, walisema wahenga. Hapana budi, basi, kila mtu awe na akipendacho na kimkeracho. Mwandishi wa makala hii humpenda mtu atimizaye ahadi kwa saa, aamkiaye kabla ya kuuliza njia, na arudishaye kitabu alichoazima. Hukerwa na yule asemaye “nipo njiani” hali angali akitafuta viatu. Lakini kero iliyo kubwa kuliko zote ni abiria afunguliaye muziki wa simu yake kwa sauti ya juu ndani ya chombo, kana kwamba ameyakodi masikio ya wenzake wote.

Mara nyingi muziki huo huwa ni roki, na hapo wazee huhukumu kwamba roki ni kelele za kigeni. Hukumu hiyo si ya haki. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wimbo wa kundi hilo uitwao “We Will Rock You”, uliotoka mwaka 1977, waendeshwa karibu wote kwa vishindo vya miguu na makofi. Gitaa huingia mwishoni tu. Je, miguu na makofi ni vitu vigeni kwetu?

Tutazame kisiwa cha Nkombo, katika wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Wenyeji wake huzungumza lugha inayofanana na ya ndugu zao wa ng’ambo, na pia Kinyarwanda. Riziki kubwa ya ziwa hilo ni sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Jioni, wavuvi huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, wakachukua taa za kuwavutia samaki, wakaenda kilindini huku wakiimba. Wimbo huo si pambo. Ndio uyaangushao makasia majini kwa pamoja, na mkono uliochoka ukapata nguvu kwa mkono wa jirani. Sisi tuliopitia chuo cha maofisa twalifahamu hilo vyema: mbio za alfajiri bila wimbo wa mchakamchaka huwa ndefu maradufu.

Kwa hiyo roki na wimbo wa mvuvi ni ndugu. Vyote viwili huwafanya watu wengi wawe na pigo moja. Tofauti iko katika hiari. Wimbo wa makasia ni wa wote waliomo chomboni. Muziki wa kipaza sauti ni wa mmoja, na wengine hulazimishwa.

Tena usiku ziwani jambo hili si la kupenda na kuchukia tu. Gizani sikio ndilo mlinzi. Kwa sikio mvuvi hutambua upepo unaogeuka, mashine ya chombo kinachokaribia, na mwito wa mwenziwe aliye mtumbwi wa pili. Mwito usiosikika waweza kugharimu uhai wa mtu. Afungaye kipaza sauti katika chombo cha usiku huwanyang’anya wenziwe ulinzi huo.

Je, dawa ni marufuku? Mwaka 1969, mjini Dar es Salaam, ilitangazwa amri ya kupiga marufuku muziki wa soul. Mabishano makali yalizuka magazetini, wala mapenzi ya vijana hayakufutwa na amri hiyo. Mwaka huohuo, mjini Kinshasa, vijana walianzisha Zaiko Langa Langa, wakaziweka kando tarumbeta na kuyapa magitaa na ngoma nafasi ya mbele. Muziki wao ulipendwa mno, na mpaka leo haujasahauliwa.

Kinachotakiwa ni adabu. Kijana na aipende roki yake. Aicheze nyumbani kwake, au abiria avae vipokea sauti vya masikioni. Bali ashikaye kasia usiku na ayaache masikio yake wazi. Akitaka muziki, aimbe pamoja na wenziwe. Aupendaye muziki kwa dhati huyaheshimu kwanza masikio ya watu.