Udongo wa Miombo Nao Hupumua

Mvua za kwanza ziinyeshepo miombo ya Songea baada ya kiangazi, udongo hutoa ghafla hewa nyingi ya ukaa. Mtaalamu H. F. Birch, aliyefanya utafiti Muguga, Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1958. Joto huvichochea vijidudu viozeshavyo majani, lakini pasipo unyevu hulala. Maji yafikapo, huamka vyote pamoja.

Msitu ukifyekwa, kivuli hutoweka na ardhi huzidi kupata joto. Basi aulindaye msitu wa Matogoro, chimbuko la Mto Ruvuma, halindi Songea peke yake. Hewa hiyo huongeza joto la dunia, na bahari ikipanda hula fukwe za visiwa vyetu. Twawahimiza viongozi wa vijiji na wilaya wauzuie moto mapema, kabla kiangazi hakijakolea. Akiba iliyomo udongoni ni yetu sote, wa bara na wa visiwani.