Mchakamchaka uliponyamaza Susuni

Mtoto wa shule ya msingi hapa Tanzania huanza siku yake kwa miguu. Hutembea hadi shuleni, hukimbia mchakamchaka huku akiitikia nyimbo, na mapumziko yakifika hucheza chandimu au rede mpaka kengele ilie. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30. Katika kata ya Susuni, wilayani Tarime, kama kwingineko, watoto walirudi nyumbani na madaftari yao. Sote tulisikitikia masomo. Miguu yao hatukuifikiria.

Siku 30 hizo zikazidi 100. Shule zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni.

Tanzania haikuwafungia watu wake ndani. Masika yalikuwa yameanza, mahindi yalihitaji palizi, na mkulima wa Susuni aliendelea kwenda shamba. Ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa tofauti: kuanzia tarehe 27 Machi, Wakenya walikatazwa kutoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 16 Mei serikali yao ikafunga mpaka na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo. Sisi Wakurya wa Tarime tuna ndugu upande wa pili. Kwetu, kutoka Sirari ya Tanzania hadi Isebania ya Kenya ni mwendo wa miguu, wa kwenda sokoni, msibani na kwa wajomba.

Uganda ilikaza zaidi. Mwezi Aprili Rais Yoweri Museveni alipiga marufuku watu kukimbia barabarani kwa mazoezi, kisha akatoa video yake akiwa ofisini, peku, akikimbia huku na huku na kupiga pushapu 30. Alikuwa na umri wa miaka 75. Wapo waliocheka, mimi naona alitenda jambo la maana, kwa sababu alionyesha kwamba mwili hauhitaji uwanja wala vyuma. Lakini ofisi ile ilikuwa pana. Familia ya watu sita katika chumba kimoja cha kupanga ingekimbilia wapi?

Ua wa Susuni una nafasi hiyo, na una kazi. Kuna muhogo wa kumenya, kuanika na kutwanga, kuni za kupasua, zizi la kusafisha. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, na anayejitwika ndoo hiyo kutoka kisimani anafanyisha kazi mapaja, mgongo na shingo kwa pamoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Novemba 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na mtoto angalau dakika 60 kwa siku kwa hesabu ya wiki nzima, na kazi za nyumbani zinahesabiwa humo.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika nyumba zetu nyingi dakika hizo hazigawanywi. Shule ikifungwa, binti hurithi mchi, ndoo na mdogo wake mgongoni; kaka yake akisharudisha ng'ombe, jioni yote ni yake. Mmoja analala akiwa hoi, na mwingine anakaa kijiweni hadi giza. Naye babu mwenye shinikizo la damu anashinda kwenye kiti chini ya mti, maana tumemwambia apumzike. Siwezi kuita hayo mazoezi ya familia. Binti aliyebebeshwa kupita nguvu zake anaumia. Anachokikosa ni mchezo, ule wa kuruka kamba kwa kupenda na kuacha akichoka.

Babu anaweza kusimama na kuketi kwenye kiti chake mara kumi, apumzike, arudie; kisha alizunguke shamba la mahindi taratibu asubuhi na jioni. Mama aliyeinama siku nzima akipalilia hahitaji pushapu. Anahitaji kunyoosha mgongo, na mtu wa kumpokea jembe. Watoto wanaweza kupiga mchakamchaka wao kuzunguka boma kabla ya uji, mkubwa akianzisha wimbo na wadogo wakiitikia. Jioni mzee mmoja akishika litungu, ala yetu ya nyuzi, ngoma itawatoa jasho hata wasiopenda kukimbia.

Korona imepita, lakini shule hufungwa kila mwaka, Juni na Desemba. Mzazi wa Susuni, likizo ijayo ikifika, mtafutie binti yako kamba ya kuruka, na ndoo yake mpe kaka yake.